Kurukwa Zamu: Mgonjwa wa Kudumu katika Kasongo na Kabambare

Kasongo haimfukuzi mgonjwa. Mtoto wa SS, ndivyo huko anavyoitwa mwenye selimundu, hulala na ndugu zake, hula bugali na sombe katika sahani yao, na akizidiwa usiku majirani huamka. Mwenye kisukari hualikwa harusini kama wengine. Mama anayemeza dawa za virusi vya ukimwi hupewa mkono sokoni na kuulizwa habari za watoto. Mtafiti akipita na dodoso lake akiuliza nani ametukanwa, nani ametengwa, nani amefukuzwa kazini kwa ajili ya maradhi, anaweza kujaza "hapana" kurasa kwa kurasa na kurudi Kindu ameridhika.

Angeuliza jambo jingine angepata majibu mengine. Amuulize mgonjwa huyohuyo zamu gani zimempita. Karo ya sekondari ilipowatosha watoto wawili tu kati ya watatu, nani alibaki nyumbani? Likelemba, mchango wa zamu wa akina mama wa mtaa, ilipoandika majina mapya, nani aliambiwa "tutakuita, mama" na hakuitwa? Wazee walipokuja kuulizia binti, kwa nini walimruka mkubwa wakamtaja mdogo? Hakuna aliyesema neno baya. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu ilifanana na upendo: asichoke, asiaibike, asije akaanguka mbele za watu. "Muache tu apumuzike," husema shangazi, naye anasema kweli kwa moyo wake wote. Mtoto anapumzika. Anapumzika siku ya mtihani, anapumzika siku ya safari, anapumzika siku ndugu zake wanapogawiwa shamba.

Ubaguzi wa namna hii hauna mkosaji wa kushikwa mkono. Mgonjwa mwenyewe hana hakika kama umetokea. Akilalamika ataambiwa ni mwepesi wa kuumia, na kwa kuwa waliomruka ndio pia waliomkesha, ulalamishi wake unaonekana ukosefu wa shukrani. Kwa hiyo hunyamaza, na kwa sababu ananyamaza watu hudhani ameridhika.

Ninavyoona mimi, katika Kasongo na Kabambare ubaguzi huu wa chini chini ni njia ya kugawa vitu vichache: pesa, damu, dawa, muda na subira. Huruma ndiyo vazi lake. Anayeuchukulia kuwa ni ujinga tu atabandika mabango na kufanya semina. Anayeuona kuwa ni mgao atauliza kwanza nani analipa.

Na kulipa ndiko kunakoanza habari yenyewe. Mkoa wa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una zoni za afya 18, na sita ziko kusini: Kasongo, Kunda na Samba katika teritori ya Kasongo, Kabambare, Lusangi na Saramabila katika teritori ya Kabambare. Kutoka mji wa Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, na mvua ikishika njia hiyo ni pikipiki tu zinazopita, kwa shida. Watu wanaishi kwa kulima, kwa biashara ndogo, na upande wa Kabambare kwa dhahabu ya Namoya na Saramabila, ambako vikundi vyenye silaha na jeshi vimepambana kwa miaka na vijiji vimekimbia vikarudi, vikakimbia tena. Maisha ya namna hiyo yana nafasi ya malaria: mtu anaanguka, anauza kuku wawili, anatibiwa, anainuka. Ugonjwa usioisha hauna kuku wa kutosha.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo wengi hawalitazami. Dawa za virusi vya ukimwi, za kifua kikuu na za ukoma hutolewa bure kupitia programu za taifa. Mwenye selimundu, kifafa, kisukari au shinikizo la damu hununua. Wagonjwa wawili wa mtaa mmoja, wote wa maisha yote, mmoja hagharimu ukoo wake dawa, mwingine anaugharimu kila mwezi. Mpaka huo ulichorwa mbali sana na Kasongo, na wafadhili na wizara, na ndio unaoamua nani ataonekana mzigo ndani ya nyumba.

Selimundu inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni ya wengi na haina sauti. Inakadiriwa kwamba katika Kongo yote mtu mmoja kati ya wanne au zaidi amebeba jeni moja ya ugonjwa huo, na karibu asilimia 2 ya watoto wanaozaliwa wana jeni mbili, yaani wao ni SS. Chembe nyekundu za damu yao hupinda, hukwama katika mishipa midogo, hufa mapema. Matokeo yake ni maumivu ya mifupa yasiyoelezeka kwa asiyeyajua, upungufu wa damu, na mwili usioweza kupigana na vijidudu. Baridi, kiu, homa na uchovu huyaamsha maumivu. Katikati ya shambulio moja na jingine mtoto ni mtoto: anacheza, anasoma, anachokoza wadogo zake.

Kuja na kuondoka huko kwa ugonjwa ndiko kunakomponza. Jumatatu analia, Alhamisi yuko uwanjani. Basi Jumatatu alikuwa anajifanya. Akijikaza akalima na wenzake, inathibitika kwamba haumwi. Asipolima, inathibitika kwamba ni mvivu. Katika nchi ambako kijana hupimwa kwa mzigo anaobeba kutoka shambani au kwenye mashimo ya dhahabu, na msichana kwa ndoo za maji na kinu, ugonjwa usioonekana hupimwa kwa kipimo hichohicho, na mgonjwa hushindwa kila mara. Mwenye mguu uliovunjika hana haja ya kujieleza. Mtoto wa SS hujieleza maisha yake yote.

Kisha kuna swali la nani aliuleta. Sayansi imelijibu zamani: mtoto hawi SS mpaka apokee jeni kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni mojamoja, kila mimba ina uwezekano wa robo ya kuwa SS, nusu ya kuwa mbebaji, robo ya kutokuwa na jeni hiyo kabisa. Hata hivyo nyumbani swali huelekezwa kwa mama. Ni yeye anayelala hospitali na mtoto, ni yeye anayekosa siku za soko, na ni ukoo wake unaochunguzwa. Baba hahitaji kumwacha. Inatosha aanze kukawia kurudi, aoe mke wa pili "apate watoto wenye nguvu", na aelekeze fedha huko. Mama wa mtoto mgonjwa hurukwa pamoja na mtoto wake, na katika mazungumzo mengi kuhusu unyanyapaa yeye hatajwi.

Anayemlaumu mama angepaswa kujua jambo aliloligundua Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akaona kwamba jeni hii imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria kali, na ni adimu nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayebeba jeni moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Jeni ikaenea kwa kuwa waliokuwa nayo waliishi wakazaa. Bonde la Lualaba ni nchi ya malaria kuliko nyingi. Ukoo wenye selimundu ni ukoo ambao mababu zake walinusurika kwa damu hiyohiyo, na mtoto mgonjwa analipa gharama ya kunusurika kwao. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hii ya kuwaambia wazee wanaotafuta laana.

Kipimo nacho kina mchango wake katika kuruka watu. Katika maabara nyingi za Kongo kipimo kinachopatikana ni cha Emmel, kilichopewa jina la Victor Emmel aliyekieleza mwaka 1917: tone la damu hunyimwa oksijeni, kisha hutazamwa kwa hadubini kama chembe zinapinda. Lakini chembe za mbebaji hupinda pia. Kipimo hakimtenganishi mbebaji mzima, AS, na mgonjwa, SS. Kwa hiyo binti asiyeumwa chochote anaweza kurudi nyumbani na karatasi yenye alama ya chanya, na karatasi hiyo ikatosha kumharibia posa. Wanaohimiza vipimo kabla ya ndoa, nami nakubaliana nao, wana wajibu wa kuhimiza pia kipimo kinachotofautisha na mtu wa kueleza majibu. Pasipo hivyo wanaongeza idadi ya walioachwa kimyakimya.

Hapa nataka kurudi nyuma, kwa sababu Kasongo ina historia inayogusa kiini cha jambo hili. Katika ulimwengu wa afya ya jamii jina la Kasongo linajulikana kuliko wenyeji wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, zilijaribiwa pale huduma za afya za namna mpya: vituo vidogo karibu na watu, vikiendeshwa na wauguzi, vikiungwa mkono na hospitali moja, huku kila kituo kikitakiwa kuzijua familia zake na kumfuata asiyerudi. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipotangaza afya ya msingi kwa wote, Kasongo ilikuwa tayari inaifanya. Mfumo wa zoni za afya ulioenea baadaye nchi nzima, ambao leo una zoni 519, una deni kubwa kwa majaribio hayo.

Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Waliochanjwa walikufa wachache zaidi, lakini waandishi waliona tofauti ikipungua kadiri watoto walivyokua, wakauliza swali zito: je, chanjo iliwaokoa watoto dhaifu ambao wangekufa tu kwa ugonjwa mwingine? Swali hilo liliitikisa dunia ya chanjo. Peter Aaby wa Denmark na wenzake walilifuatilia kwa miaka, na mwaka 1995 waliweka takwimu za Kasongo pamoja na za nchi nyingine: waliochanjwa waliepuka vifo vingi kuliko vile ambavyo surua peke yake ingeweza kusababisha. Watoto "dhaifu" walikuwa na maisha ya kuishi.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa kuwa swali la madaktari wale ndilo linaloulizwa ndani ya nyumba bila kutamkwa. Huyu si atakufa tu? Kwa nini karo impotelee? Baba anayeliuliza hana jarida wala grafu, ana dola chache na watoto sita, na ushahidi anaouona ni wa kweli: makadirio yanayotajwa sana kwa Afrika ni kwamba bila matunzo, kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto wa SS hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Simhukumu baba huyo. Lakini ushahidi wake umetengenezwa na kunyimwa kwenyewe. Mtoto anarukwa kwa kuwa atakufa, na anakufa kwa kuwa alirukwa. Mwaka 1986 ilionyeshwa Marekani kwamba penisilini ya kila siku, dawa ya zamani na ya bei ndogo, hupunguza kwa asilimia 84 maambukizo makali kwa watoto wadogo wenye selimundu. Kisha ukaja utafiti wa dawa ya hidroksiyurea katika miji minne ya Afrika: Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Watoto 606 waliipata, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019, mwandishi wa kwanza akiwa Mkongo, Daktari Léon Tshilolo. Mashambulio ya maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu, kuongezewa damu kwa theluthi mbili, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya uangalizi wa mgonjwa. Hesabu ya baba inabadilika kabisa. Tatizo ni kwamba dawa hiyo haijafika Lusangi wala Samba kama jambo la kawaida la kituo cha afya.

Damu nayo ina historia yake chungu. Mtoto anapoishiwa damu, anayetafutwa ni ndugu wa kuchangia. Mara ya kwanza wanakimbia watano. Mara ya nne simu inalia haipokelewi. Ndugu hawa ni watu wema. Wana hofu kwamba watadhoofika, wana safari, na wamechoka. Mgonjwa mdogo anausoma uchovu huo usoni mwao kabla hajajua kusoma vitabu, na wengi hujifunza kuficha maumivu ya mwanzo ili wasiwasumbue watu. Wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa mno, wengine walichelewa kwa adabu.

Ndani ya kituo cha afya chenyewe, muuguzi aliyemwona mtoto huyo mara kumi huanza kumwona kuwa mwenyeji. Homa mpya ya jirani inatangulia, yeye "tunamjua". Maumivu yake hayaonekani kwenye kipimo chochote, dawa kali za maumivu hazipo au zinaogopwa, na kijana mkubwa anayelia huaibishwa kwa upole: jikaze, wewe ni mwanamume. Hili halihusu Maniema peke yake. Marekani, yenye hospitali zenye kila kitu, utafiti wa mwaka 2013 ulikuta wagonjwa wa selimundu wakisubiri katika idara za dharura kwa asilimia 25 zaidi ya wagonjwa wengine, na kwa asilimia 50 zaidi ya waliovunjika mifupa mirefu. Huko pia hakuna aliyewafukuza.

Kuna pia namna ya kulipa. Zoni nyingi za Zaire ya zamani zilieneza utaratibu mzuri wa kulipia kila ugonjwa mara moja: unatoa kiasi kimoja, unatibiwa mpaka upone. Kwa malaria au nimonia ni haki tupu. Kwa asiyepona, kila shambulio linahesabiwa kuwa ugonjwa mpya, na kila mara mfuko unafunguliwa upya. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya maskini ulimsahau maskini wa kudumu.

Mwezi wa Ramadhani huleta mtihani wa pekee. Kasongo ni mji wa Waislamu tangu siku za Tippu Tip, karne ya 19, na saumu ni heshima ya kila nyumba. Aya za 184 na 185 za sura ya Al-Baqara zimemruhusu mgonjwa, na wanazuoni wameeleza wazi kwamba asiye na tumaini la kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Kwa mtoto wa SS kiu ya mchana kutwa ni njia fupi ya kuingia katika maumivu. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa ni hatari ya kuanguka. Sheria ya dini iko upande wao. Jicho la mtaa haliko. Kijana mwenye mwili mzima anayekunywa maji saa saba mchana huangaliwa tu, na kuangaliwa kunatosha, hata wengine hufunga kwa siri dhidi ya ushauri wa daktari. Katika makanisa ya uamsho shinikizo huja kwa njia nyingine: mgonjwa ameombewa, anatakiwa kutoa ushuhuda, na akionekana tena na vidonge imani yake inatiliwa shaka. Imamu au mchungaji mmoja akitamka hadharani kwamba huyu ana ruhusa, anaondoa mzigo ambao semina kumi haziuondoi.

Kifafa kina mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo hofu ya kuambukizwa huongezwa juu ya gharama. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, Daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akaandika jinsi watu walivyoogopa mate ya anayeanguka, hata wakamtengea vyombo na kumwacha aungue motoni asishikwe. Hofu ya mate inajulikana vizuri Kongo pia. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msingi zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka. Dola 5! Kijana anakosa shule, ndoa na kazi kwa kukosa kitu cha bei hiyo.

Ukoma unanilazimu kuipunguza hoja yangu. Dawa zake ni bure duniani kote tangu mwaka 1995, tiba ni ya miezi 6 au 12, na anayetibiwa haambukizi. Kongo ilishuka chini ya mgonjwa mmoja kwa watu 10,000 mwaka 2007, ingawa bado inagundua maelfu ya wagonjwa wapya kila mwaka. Hata hivyo aliyepona akabaki na vidole vilivyopinda huendelea kununuliwa mihogo yake na wachache. Kwa hiyo kuondoa gharama peke yake hakufuti kila kitu. Lakini vidole vile vilipinda kwa sababu tiba ilichelewa, na ilichelewa kwa sababu mtu aliogopa kujulikana. Pale ambapo dawa ilitangulia alama, mambo ni mengine. Arachu Castro na Paul Farmer walieleza mwaka 2005, kutokana na kazi yao Haiti, kwamba upatikanaji wa dawa za ukimwi ulipunguza unyanyapaa wenyewe: aliyekuwa maiti anayetembea alirudi shambani, akalipa karo za wanawe, na majirani wakaacha kumhesabia siku.

Na sheria? Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, asili, hali ya kijamii, kabila, maoni na mengine. Afya haimo katika orodha hiyo. Wenye virusi vya ukimwi walipata sheria yao tarehe 14 Julai 2008, iliyorekebishwa mwaka 2018. Wenye ulemavu walipata yao tarehe 3 Mei 2022. Sheria hizi ni ushindi wa kweli. Zinamkamata mwajiri anayefukuza, shule inayokataa, mhudumu anayetoa siri. Haziwezi kumkamata mjomba aliyesahau kupiga simu, wala likelemba ambayo haikumwita mama. Hakimu hana pa kuanzia.

Watafiti wa Uingereza, Graham Scambler na Anthony Hopkins, waliandika mwaka 1986 kwamba wenye kifafa huumizwa zaidi na hofu ya kubaguliwa kuliko ubaguzi waliotendewa. Wengine huchukua maneno hayo kumwambia mgonjwa kwamba tatizo liko kichwani mwake. Kwa Kasongo sikubali. Hofu ya mgonjwa wa huko ni hesabu sahihi. Anajua bei ya dawa, anajua mfuko wa nyumba, anajua waliomtangulia waliishia wapi. Kumtuliza bila kubadili bei ni kumwomba asijue anachokijua.

Kinachowezekana kufanywa hakihitaji kusubiri Kinshasa kwa yote. Kituo cha afya kinaweza kurudia wazo la Kasongo yenyewe: daftari la wagonjwa wa kudumu wa eneo, tarehe ya kila mmoja kurudi, na mtu wa kumfuata asiyekuja. Malipo ya mwaka mmoja, madogo na yanayojulikana, yanaweza kuchukua mahali pa malipo ya kila shambulio. Penisilini, asidi ya foliki, chandarua na chanjo zote kwa watoto wa SS haziishindi zoni yoyote iliyoamua. Hidroksiyurea na kipimo kinachotofautisha AS na SS ni dai la kupelekwa serikalini na kwa wafadhili kwa jina, kama zilivyodaiwa dawa za ukimwi. Mwalimu anaweza kumpa mtoto wa SS maji darasani, ruhusa ya kwenda haja na mtihani wa marudio. Hayo hayagharimu faranga hata moja.

Ninyi wa CODESA (kamati za maendeleo ya afya), wazee wa mitaa, akina mama wa likelemba: kila mwaka mnachanga kwa ajili ya matanga, na mnachanga kwa ukarimu, sanda, chakula, usiku wa kukesha. Chukueni sehemu moja ya mchango huo muitoe mgonjwa angali hai. Mwandikeni mama wa mtoto mgonjwa katika likelemba, na siku zamu yake ikifika, mpeni.